Kitana cha Mwanga Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi 2013

Vyumba vimejaa tena. Wageni wa kampuni ya gesi hawakai. Wanalala, wanapanda gari kwenda Palma, wanakuja wengine na mabuti yale yale. Nimefagia, nimebadili mashuka, nimebeba ndoo za maji kwa sababu bomba limekauka. Ndiyo kazi ya pensão, hii nyumba ya wageni. Siilalamikii.

Asubuhi kabla ya kutoka nilichana nywele, mlango nimeutia komeo. Zilizobaki kwenye kitana nikazikunja, nikazitupa chooni. Zinazidi. Nikafunga lenso yangu kichwani. Baba Zuhura akauliza kama kichwa bado kinauma. Nikasema bado.

Kichwa hakiumi.

Ijumaa, 8 Machi

Mchana nimeingia chumba cha Dona Celeste na ndoo ya maji. Nilidhani yuko ofisini. Huyu ni mama wa serikali, amehamishiwa hapa Mosimbwa kutoka Maputo kwa mambo ya ardhi. Nyumba hajapata, ndiyo maana amepanga hapa kazini kwetu. Mtu aliyenyooka. Viatu vinang'aa hata kwenye mchanga huu. Nywele zake nyeusi, nzito, zinafika mabegani. Kila siku nazionea wivu.

Leo nywele zilikuwa kwenye kiti. Zimelala pale kama paka. Mwenyewe amekaa kitandani kichwa wazi, vinywele vichache vya mvi, na mkononi ana kitana kinachowaka mwanga mwekundu. Anakipitisha utosini taratibu. Kinalia pi, anakisogeza. Kinalia pi, anakisogeza.

Niligeuka kutoka. Akasema, "Awa, funga mlango."

Nikaufunga nikiwa nje. Akaangua kicheko. "Uufunge ukiwa ndani!"

Sikuingia. Nilikimbilia jikoni nikasugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Aibu imenishika mimi, si yeye. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Machi

Siwazi kitu kingine.

Niandike basi, maana hapa hakuna anayesoma. Juu ya utosi wangu ngozi inaonekana. Nikigawa nywele katikati, njia ni pana kuliko kidole, na inaendelea kupanuka. Ilianza baada ya kumzaa Zuhura. Wakaniambia ni uzazi, zitarudi. Zuhura sasa anasoma shule na nywele hazijarudi. Nimepaka mafuta ya nazi, nimepaka kitunguu mpaka wateja wakanusa, nimekunywa dawa za mizizi. Nimeacha kusuka, kwa kuwa msusi ana macho na mdomo.

Baba Zuhura alikuwa akinifumua nywele mwenyewe. Jioni, baada ya kuosha saruji ya kutwa. Ni mwashi, mikono yake mikavu, lakini kwenye nywele ilikuwa laini. Tulikuwa tunaongea sana wakati huo. Sasa nalala na lenso. Akinyoosha mkono nasema kichwa kinauma. Ameacha kunyoosha.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwonyesha.

Nilibisha hodi, nikaingia, nikafunga mlango nikiwa ndani, nikavua lenso. Dona Celeste akavaa miwani, akaniinamisha kichwa dirishani kwenye mwanga. Mtu wa kwanza kunitazama pale.

Akauliza kama mama yangu alikuwa hivi. Nikasema ndiyo. Akasema hata wake. Kisha akanieleza kwa Kireno, polepole. Kitana kinatoa mwanga wa leza. Hauchomi. Unaamsha mashina ya nywele yaliyosinzia, yaliyokufa hauyafufui. Wengine wanapata, wengine hawapati, na anayepata anasubiri miezi. Ukiacha, zinarudi kunyonyoka. Yeye amekinunua Afrika Kusini na mpaka sasa hajui kama amepata au anajidanganya.

"Mimi sitaki kukuuzia ndoto," akasema. "Ila kipo. Tukitumie wote."

Nimekaa kitandani kwake saa ya mapumziko ya mchana, mwanga mwekundu kichwani. Husikii chochote. Joto dogo tu, au nimelidhania. Pi. Sogeza. Pi.

Nimerudi nyumbani naimba. Mama mkwe akanitazama.

Jumanne, 9 Aprili

Balaa. Zinanyonyoka zaidi. Leo zimebaki mkononi kama uzi wa kitambaa kilichooza. Nimekaa chooni nikalia, nikatoka nikasema ni moshi wa kuni.

Dona Celeste anasema hata kwake ilianza hivyo, zile dhaifu zinatoka kupisha nyingine. Anasema tu. Na yeye kesho anaenda Palma, huko mashamba ya watu yanapimwa kabla ya kampuni kuingia. Atakaa sana. Ameniachia ufunguo na kitana.

"Usikipeleke nyumbani kama hutaki kuulizwa," amesema. "Njoo hapa."

Sitaki kuulizwa. Mama mkwe, Bibi Anchia, anaishi nasi, na hakuna kitu kinachoingia mlangoni kwetu bila yeye kukifungua.

Alhamisi, 25 Aprili

Kila baada ya siku moja au mbili, mchana, naingia chumba cha Dona Celeste na kujifungia. Nakaa na kitana changu cha moto usiounguza. Nimeanza kuyapenda yale mapumziko. Hakuna anayeniita. Chumba cha jirani wazungu wawili wa gesi wanasikiliza muziki.

Mlinzi wa getini ameniangalia vibaya leo nilipotoka. Nilikuwa nakaza lenso. Mtu akiona mwanamke anatoka chumbani saa ya mchana anakaza lenso, atawaza nini?

Nimewaza hilo nikiwa njiani. Halafu nikajiambia namjua mlinzi huyu tangu zamani.

Jumanne, 14 Mei

Amesema.

Mlinzi, lakini si kwangu. Amesema kule baba Zuhura anakojenga, kwenye ghala jipya karibu na bandari, mbele ya mafundi wote. Kwamba mke wa Momade anajifungia na wageni. Baba Zuhura amerudi mapema. Hakula. Akamtuma Zuhura kwa jirani, akakaa mbele yangu, vumbi la saruji bado usoni.

"Mama Zuhura, nakuuliza mara moja. Una mtu?"

Nikasema sina.

"Unafanya nini chumbani mchana?"

Hapo ndipo nilipokwama. Jibu lilikuwa chini ya kitambaa. Kuvuta ncha tu. Mkono wangu ulifika mpaka shingoni, ukarudi.

Nikasema, "Kazi."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka. Amelala sebuleni kwenye mkeka.

Nina hasira naye kwa kumwamini mlinzi. Nina hasira zaidi na mimi. Mwanamke gani anachagua kuitwa malaya kuliko kuitwa kipara? Mimi.

Jumatatu, 20 Mei

Amehamia kwenye jengo. Anasema analinda saruji. Mama mkwe ananipa chakula bila kunitazama. Zamani alikuwa ananipaka msiro, ule urembo mweupe, usoni kwa mkono wake, siku za sherehe, ananiita binti yangu. Sasa ananiita "wewe".

Zuhura anauliza baba atarudi lini. Namjibu akimaliza ghala.

Alhamisi, 23 Mei

Nimeziona.

Juu ya sikio la kushoto, pale palipokuwa peupe. Nimegeuza kioo huku na huku. Nimepapasa kwa kidole. Vinywele. Vifupi, vyepesi kama vya mtoto mchanga, lakini vipo, na vyeusi. Utosini hapaonekani kitu. Pembeni vipo.

Nimecheka peke yangu chumbani kwa Dona Celeste. Kisha nikasikia nyayo barazani, nikanyamaza, nikajibana ukutani kama mwizi. Siku niliyoisubiri miaka, na sina wa kumwambia.

Alhamisi, 30 Mei

Kutakuwa na kikao. Ndugu mkubwa wa baba Zuhura, shemeji Amade, ameshatuma habari Mucojo kwa mjomba wangu. Mjomba ndiye mkubwa wangu aliyebaki. Maana yake ni moja. Kama siwezi kujieleza, nitarudi Mucojo na nguo zangu, na Zuhura atabaki na Bibi Anchia.

Sikulala vizuri. Nimejaribu kuyasema maneno kwa sauti ndogo. "Nywele zangu zimenyonyoka." Ni maneno manne... hapana, hata hayo hayafiki manne. Hata mbele ya ukuta yamenishinda.

Jumatano, 5 Juni

Dona Celeste amerudi kutoka Palma, mweusi kwa jua, amechoka. Anasema kule watu wanamuuliza maswali asiyo na majibu. Watahamishwa wapi, makaburi yao itakuwaje. Amekaa akavua viatu, na mimi nikammwagia yangu yote.

Alikasirika. Alitaka kumfukuzisha mlinzi. Kisha akanigeukia mimi. "Kwa nini usimwambie mumeo tu? Ni nywele, Awa!"

Ni nywele. Yeye ana wigi na bado anafunga mlango.

Nikamweleza habari ya mama. Sijawahi kumweleza mtu. Mama yangu sikuwahi kumwona kichwa wazi. Nimelala naye kitanda kimoja utotoni, nimeoga naye kisimani, daima kitambaa. Nilidhani ni dini yake tu. Siku aliyofariki, mimi na shangazi ndio tulimwosha. Shangazi akafungua kitambaa. Hakukuwa na kitu, ngozi tu, nyororo, na alama ya mshono wa kitambaa imejichora pale miaka yote. Nilimmiminia maji juu yake. Ndipo nilipojua mama alikuwa na siri, na aliishi nayo peke yake. Shangazi akasema, "Mfunike haraka." Tukamfunika.

Dona Celeste akasogea karibu. Alinishika mkono mpaka nikaambiwa kuna mgeni anataka sabuni.

Jumatatu, 10 Juni

Kikao kilikuwa jana. Jana sikuweza kuandika.

Tulikaa uani. Mjomba kwenye kiti, uchovu wa safari ya gari la Mucojo bado mwilini. Shemeji Amade, Bibi Anchia, baba Zuhura amekaa mbali kidogo ameangalia mikono yake. Mimi kwenye mkeka. Shemeji akasema yaliyosemwa. Hakuyapamba, namshukuru kwa hilo. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, jibu. Chumba kile unaingia kufanya nini?"

Nikafungua mdomo. Singeweza kuvua mbele ya shemeji, na maneno hayakutoka. Machozi tu ndiyo yalitoka. Bibi Anchia akaguna.

Ndipo hodi ikapigwa.

Dona Celeste. Viatu vyake vinavyong'aa, mkoba begani. Hakualikwa. Akasalimia wote kwa Kiswahili chake kilichovunjika, akampa mjomba shikamoo, akakataa kiti.

"Chumba ni changu," akasema. "Ufunguo, mimi nimempa. Anaingia kwa sababu ya hii."

Akatoa kitana mkobani, akakiwasha. Mwanga mwekundu, mchana kweupe, mdogo kama moto wa sigara. Hakuna aliyeelewa. Nilimwona akiwatazama usoni mmoja mmoja, akaona kwamba hawajaelewa, na nikajua anachotaka kufanya. Nilitaka kumzuia. Alikuwa ameshanyanyua mikono.

Akavua wigi.

Bibi Anchia akasema "Subuhana!" Mama wa serikali, anayesaini karatasi za wakubwa, amesimama kwenye ua wetu wa mchanga, kichwa kama cha mzee aliyetoka hospitali. Akapitisha kitana utosini. Pi. Pi.

"Nywele zinakufa," akasema. "Mwanamke anaona haya. Anajificha. Basi. Hakuna mwanamume. Ni mimi tu na haya yangu, Awa na haya yake."

Mjomba akainamisha macho chini. Shemeji akainuka taratibu, akageukia ukuta. Mimi nikasimama, nikavua kapulana, kanga niliyojitanda mabegani, nikamfunika kichwa. Nikamfunga vizuri, kama nifungavyo mimi. Alikuwa analia. Alinukia sabuni ya pensão.

Mjomba akasema, "Tumesikia. Tumekosa sisi." Akaomba maji ya kunywa. Kikao kikaisha hivyo, bila dua wala neno jingine.

Baba Zuhura alikuwa bado anatazama mikono yake.

Jumatano, 12 Juni

Leo asubuhi baba Zuhura amerudi. Mama mkwe ametoka na Zuhura bila kuambiwa.

Nimefungua dirisha la chumbani ili mwanga uingie. Nimekaa kwenye kigoda. Nikasema, "Njoo utazame." Nikavua.

Amesimama nyuma yangu. Sikuweza kumwona uso. Nilisikia anavyohema. Kisha vidole, vya kukwaruza, juu ya utosi. Pale pale penyewe.

"Nilidhani umenichoka," akasema.

Hilo tu. Miaka yote hiyo mimi nahesabu nywele, yeye anahesabu mara nilizomgeuzia mgongo. Nikamwambia na yeye ameniumiza, kumsikiliza mlinzi kuliko mimi. Akasema najua. Akasema samahani, mama Zuhura. Nimeitikia. Sijasamehe yote. Nitasamehe kwa awamu.

Amelala ndani.

Jumapili, 16 Juni

Mtaa mzima unajua. Dukani wananitazama lenso badala ya uso. Nilidhani nitakufa kwa hilo. Sikufa. Nimenunua mchele nikarudi.

Jambo la kuchekesha. Bibi Anchia ameniita jikoni, akafunga mlango, akaninong'oneza: ile taa ya yule mama, inafaa kwa mtu mzima? Akainua kitambaa chake kidogo, pembeni. Kumbe. Kumbe nyumba nzima tulikuwa tunafichana.

Hajaniomba radhi. Ila ameniita binti yangu.

Jumamosi, 6 Julai

Wiki ijayo mfungo. Nimeosha nguo zote.

Zuhura ameniona leo. Sikupanga. Nilikuwa naoga, akafungua mlango kwa kutaka sabuni. Zamani ningepiga kelele. Nikamwacha aangalie. Akauliza kama panauma. Nikasema hapaumi. Akauliza kama na yeye atakuwa hivi. Nikamwambia huenda, na kama ikitokea aniambie siku ile ile, asikae nayo. Akasema sawa, akachukua sabuni akaenda kuosha mdoli wake.

Jumamosi, 31 Agosti

Dona Celeste amehamishwa. Nampula. Nilimsaidia kupanga mizigo. Ameniachia kitana na waya wake wa kuchaji. Nilikataa, akakitia kwenye ndoo yangu ya kupigia deki.

Nikamuuliza, je, kwake kimefaa? Akajitazama kioo kwa makini, kama mtu anayesoma. "Kidogo sana. Labda hakuna. Lakini ilikuwa dakika zangu za kukaa kimya." Akavaa wigi, akalichana. Anaenda nalo Nampula. Anasema ofisini ni kama kofia ya askari, na nyumbani atavua hata mlango ukiwa wazi.

Gari lilipoondoka alitoa mkono dirishani. Sikuwahi kumshukuru kwa siku ile ya uani. Nilijaribu mara mbili. Aliniambia nyamaza, lete mkoba.

Jumapili, 15 Septemba

Siku ya mapumziko. Umeme ulikatika tangu jana, kitana hakina chaji. Si kitu.

Niandike ukweli wa mambo ulivyo. Pembeni zimejaa, fupi lakini zimejaa. Utosini zimeshika kidogo, mwenye kujua ndiye ataona. Nywele za usichana hazikurudi, na sidhani zitarudi. Nikiacha kitana nitazipoteza hata hizi. Naendelea nikipata nafasi. Nisipopata, sipati.

Baba Zuhura anainua ukuta wa jiko leo, kazi ya nyumbani aliyoiahidi siku nyingi. Bibi Anchia anapepeta mchele. Nimeosha kichwa, nimekaa uani kwenye kigoda bila kitambaa. Upepo wa kusi unapita moja kwa moja kwenye ngozi. Unanisisimua, baridi kidogo.

Baba Zuhura amepita na ndoo ya udongo. Ili asinimwagie, akaniwekea kiganja kichwani, akanizunguka, akaendelea na ukuta wake.

Nimebaki pale mpaka nikakauka.